Joy Adamson: Mchoraji wa watu wa kaskazini aliyeiacha nyika nje ya picha

MALORI yanayoshusha mbuzi katika soko la Kiamaiko, upande wa Eastlands jijini Nairobi, huwa yametoka safari ndefu ya kaskazini: Moyale, Marsabit, Merille na Isiolo. Si mbali na soko hilo, mtaani Eastleigh, mabasi hupakia abiria wanaoelekea huko huko yalikotoka malori.

Kwa hiyo mkazi wa Kayole, Umoja, Huruma au Buruburu anayetamani kuiona nyika kame ya Kenya kwa macho yake hana haja ya kutafuta mbali mwanzo wa safari. Barabara inaanzia karibu na mlango wake. Anachokosa pengine ni sababu ya kwenda, na sababu moja nzuri imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Humo mna picha za wazee, vijana wa kivita na wanawake wa jamii nyingi za Kenya, wakiwa wamevaa ngozi, shanga, manyoya na mapambo ya madini. Zilichorwa kuanzia mwaka wa 1949 na mwanamke aliyezaliwa mbali kabisa na jua la Isiolo, Joy Adamson.

Wengi wakilisikia jina hilo humkumbuka simba Elsa. Ni haki yao, kwa maana kitabu na filamu kuhusu simba huyo vilienea duniani kote. Lakini kabla ya Elsa, Bi Adamson alikuwa tayari amefanya kazi iliyomgharimu miaka mingi, na ambayo huenda ina thamani kubwa zaidi kwa Wakenya kuliko hadithi ya simba.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimpa jina la Friederike Victoria Gessner. Ndoa yao ilivunjika, naye akalelewa zaidi na nyanya yake jijini Vienna.

Ujana wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu asichokijua. Alisomea piano, akajifunza ushonaji, uchongaji na ufuaji wa madini, kisha akaanza kujiandaa kusomea udaktari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokifanya kuwa kazi ya maisha.

Mnamo 1935 aliolewa na mfanyabiashara wa Austria, Viktor von Klarwill, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi. Ulaya ilikuwa ikielekea pabaya, na mwaka wa 1937 mkewe alitumwa Kenya kutazama kama wangeweza kuhamia huko. Ndani ya meli alikutana na mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Peter Bally. Kabla ya mwaka wa 1938 kumalizika, ndoa ya kwanza ilikuwa imekwisha na alikuwa mke wa Bally.

Ni Bally aliyempa jina la Joy, na ni Bally pia aliyemtia katika uchoraji. Mume alikusanya mimea kwa ajili ya Makumbusho ya Coryndon, ambayo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo, naye mke akaanza kuichora kwa rangi za maji. Picha zake zilitumiwa katika vitabu vya bustani na maua ya Afrika Mashariki, na mwaka wa 1947 alitunukiwa medali ya dhahabu ya Grenfell na Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza.

Uchoraji wa mimea una nidhamu yake. Ua huwekwa juu ya karatasi nyeupe, peke yake, bila udongo wala mawe wala anga. Kila jani lazima lihesabiwe na kila mshipa uonekane, ili mtaalamu aliye mbali autambue mmea huo bila kuushika. Nidhamu hiyo ilimwingia Bi Adamson, na haikumtoka hata alipoacha maua na kuwachora binadamu.

Wakati huo ndoa ya pili nayo ilikuwa imelegea. Mwishoni mwa 1942, katika safari ya Garissa, alikutana na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyezaliwa India mwaka wa 1906 na kuingia Kenya mwaka wa 1924. Walioana Januari 1944. Eneo la kazi la George lilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi pana ya ukame iliyoanzia Isiolo hadi mipaka ya Ethiopia na Somalia. Mchoraji akawa amepata nchi yake.

Mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuzichora jamii za Kenya katika mavazi yao ya jadi. Hoja ilikuwa kwamba mavazi na mapambo hayo yalikuwa yakitoweka upesi, na kwamba lazima yawekwe kwenye karatasi kabla hayajapotea. Kazi hiyo iliendelea hadi katikati ya miaka ya 1950 na kuzaa picha zaidi ya 500. Baadhi ziliingia katika kitabu chake kuhusu watu wa Kenya kilichochapishwa mwaka wa 1967, nyingine zikatundikwa Ikulu ya Nairobi, na nyingi zikahifadhiwa katika Makumbusho.

Hapa ndipo historia ya mchoraji inapokutana na ya Eastlands, ingawa wasimuliaji wa maisha yake hupapita haraka.

Serikali iliyomlipa Bi Adamson awachore Waafrika katika ngozi na shanga ndiyo iliyokuwa ikiwajengea Waafrika wengine nyumba za kupanga mashariki mwa Nairobi. Pumwani ilikuwapo tangu miaka ya 1920. Shauri Moyo ilifuata katika miaka ya 1930. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa nguvu za mateka wa vita Waitaliano. Bahati na mitaa mingine ikaja baadaye. Waliohamia humo walikuwa makarani, wafanyakazi wa reli, mafundi na watumishi wa nyumbani. Walivaa suruali na koti.

Hawakuwa watu wa kutoweka. Mwaka ule ule wa 1949, Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Viongozi hao walipokamatwa Mei 1950, mgomo mkubwa ulilipuka jijini, na mitaa ya Waafrika upande wa mashariki ikawa kitovu chake. Hakuna aliyetumwa na serikali kuwachora wagomaji wale.

Aprili 24, 1954, picha za jamii zikiwa bado zinaendelea kuchorwa, wanajeshi na polisi walizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa katika nyumba za Eastlands, wakachujwa, na wengi wakapelekwa kizuizini Manyani na Mackinnon Road. Kwa hiyo kijana wa Kimeru angeweza kuwa na mzee wake kijijini akichorwa kwa rangi za maji kama urithi wa taifa, na yeye mwenyewe awe nyuma ya seng'enge.

Bi Adamson hakuanzisha siasa hizo, na si haki kumtwika mzigo wote wa dola. Hata hivyo, picha zake haziwezi kusomwa sawasawa bila kukumbuka ni nani aliyezilipia na ni nani aliyeachwa nje yake.

Kuna jambo la pili la kukumbuka. Kaskazini ya wakati huo ilikuwa nchi iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali cha serikali, na watu wa huko nao hawakutoka ovyo. Katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, Mkikuyu wa Bahati hakuweza kusafiri hata karibu bila karatasi. Bi Adamson alipita Isiolo, Marsabit na pwani ya Ziwa Rudolf kwa sababu mumewe alikuwa afisa wa serikali na kazi yake mwenyewe ilikuwa ya serikali.

Uhuru haukuifungua njia hiyo mara moja. Vita vya Shifta vilipiganwa kuanzia 1963 hadi 1967, na sheria za hatari za kaskazini ziliendelea kutumika hadi zilipofutwa mwaka wa 1991. Kwa miaka mingi abiria wa Moyale alisafiri juu ya lori la mifugo, akishikilia vyuma, siku mbili au tatu za vumbi, mara nyingine katika msafara uliolindwa na polisi kwa hofu ya majambazi.

Lami ilianza kutandazwa kutoka Isiolo mwaka wa 2007, na kufikia 2017 ilikuwa imefika Moyale, umbali wa takriban kilomita 500. Safari iliyohitaji kibali, kisha ujasiri, sasa yahitaji nauli.

Picha zenyewe zilichorwaje? Kwa kuwa ilikuwa kazi ya serikali, maafisa wa wilaya na machifu walisaidia kuwapata watu wa kuchorwa. Mara nyingi ilibidi mtu avae mapambo ya sherehe ambayo hakuyavaa siku za kawaida, kisha atulie kwa muda mrefu mbele ya mgeni asiyejua lugha yake. Uchovu na wasiwasi vinaonekana katika nyuso kadhaa. Bi Adamson hakuwa mtu wa subira na binadamu. Wengi waliofanya kazi naye walimkumbuka kwa ukali wake, na hata mumewe alimaliza miaka mingi akiishi katika kambi nyingine.

Lakini mkono wake haukudanganya. Idadi ya shanga, jinsi kamba ilivyosukwa, mahali pete ilipokaa sikioni, namna nywele za kijana wa Kiturkana zilivyopakwa udongo, yote hayo aliyaweka kwa uangalifu ule ule aliowahi kuutumia kwa majani. Kwa Wasamburu, Warendille, Waborana na Waturkana wa leo, na kwa jamii za mabondeni na nyanda za juu pia, hiyo ni kumbukumbu isiyo na mfano.

Kinachokosekana ni nchi. Katika nyingi ya picha hizo, nyuma ya mtu hamna kitu. Hakuna mlima, hakuna mti, hakuna ngamia wala kisima. Mtu amesimama juu ya weupe wa karatasi kama ua lililong'olewa. Mtazamaji anajua kila ushanga wa mwanamke wa Kirendille, ila hajui jua lilikuwa upande gani wala maji yalikuwa umbali gani.

Ndiyo maana safari ya barabara kuzifuata picha hizi ni jambo la maana kuliko matembezi ya kawaida. Msafiri huenda kuitafuta sehemu ambayo mchoraji hakuichora.

Mipango ianze na majira. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Mito ya msimu, ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, hufurika ghafla, na njia za changarawe hukatika. Anayetaka kuacha lami aende wakati wa kiangazi, achague gari refu lenye nguvu katika magurudumu yote manne, abebe tairi mbili za akiba, maji ya kutosha siku mbili zaidi ya anazokusudia, na mtu anayeifahamu njia. Aidha, aulize hali ya usalama Isiolo kabla ya kuendelea. Anayetumia basi pekee anaweza kufika Marsabit bila shida hizo, na tayari atakuwa ameona mengi.

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni takriban kilomita 280. Gari huzunguka Mlima Kenya kati ya mashamba ya ngano, kisha barabara huteremka na joto hupanda ghafla. Katika nafasi hiyo fupi nchi ya kijani huisha. Msafiri aliyeziona picha za Makumbusho ataanza kuelewa kwa nini mavazi ya Meru na ya Samburu yanatofautiana sana ilhali wenyewe ni majirani.

Isiolo ndiko Bi Adamson alikoishi na George, na ndiko jina lake lilikopata umaarufu. Februari 1, 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, alibaki.

Mwaka wa 1957 walikwenda naye safari ya Ziwa Rudolf, mizigo ikibebwa na punda kando ya maji, simba akitaabishwa na joto kuliko watu. Baadaye walimfunza kuwinda na kumwachilia huru Meru. Kitabu cha kwanza kuhusu Elsa kilitoka mwaka wa 1960, na filamu iliyotengenezewa Kenya ikatoka mwaka wa 1966, ikashinda tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake. Elsa mwenyewe hakufikia umaarufu huo wote. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akiwa na umri wa miaka mitano.

Fedha za vitabu Bi Adamson alizielekeza katika uhifadhi, na Mbuga ya Meru ilifaidika nazo. Alinunua nyumba kando ya Ziwa Naivasha na kuiita Elsamere. Akamlea duma Pippa. Uchoraji ulizidi kurudi nyuma.

Kaskazini ya Isiolo, karibu na Archers Post, barabara huvuka mto Ewaso Nyiro, na upande wa mashariki kuna hifadhi ya Shaba. Ni nchi ya mawe meusi ya volkeno, chemchemi na mikoma. Huko ndiko alikopiga kambi yake ya mwisho katika miaka ya 1970, akimfunza chui aitwaye Penny kuishi porini. Jioni ya Januari 3, 1980 alikutwa ameuawa karibu na kambi hiyo, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 70.

Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na dunia iliamini upesi kwa kuwa hadithi hiyo ilifanana na maisha yake. Uchunguzi ulionyesha majeraha hayo hayakuwa ya mnyama. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alipatikana na hatia ya mauaji mwaka wa 1981, akanusurika kitanzi kwa sababu ya umri wake. George naye aliuawa na majambazi huko Kora, Agosti 20, 1989.

Baada ya Archers Post barabara hunyooka hadi Merille na Laisamis, katika tambarare ambazo Warendille na Wasamburu hulisha mifugo yao. Hapa ndipo penye weupe ule wa karatasi. Anga ni pana, miti ni michache, na mtu aliye mbali akija kwa miguu huonekana kwanza kwa rangi ya shanga na nguo yake, muda mrefu kabla uso wake haujajulikana. Pengine mchoraji aliona hivyo hivyo, na pengine si uvivu uliomfanya aiache nchi hiyo tupu. Kila msafiri ataamua mwenyewe akiwa pale, kwa kuwa Makumbusho hayawezi kulijibu swali hilo.

Penye Laisamis njia hugawanyika. Lami huendelea hadi Marsabit, mlima wenye msitu katikati ya ukame. Changarawe huelekea magharibi, zaidi ya kilomita 200, hadi kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019, kisha Loiyangalani na ziwa ambalo mwaka wa 1975 lilibadilishwa jina na kuitwa Turkana. Njia hiyo ilitengenezwa ili kubeba mitambo. Leo hubeba pia samaki, abiria na wageni.

Maji ya ziwa yasimdanganye mtu kwa utulivu wa asubuhi. Mwaka wa 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda kisiwa cha kusini wasionekane tena. Upepo unaozungusha mitambo ndio ule ule.

Loiyangalani kuna makumbusho ya jangwa, yaliyofunguliwa mwaka wa 2008 na Makumbusho ya Taifa, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Humo jamii za eneo hilo zinasimuliwa zikiwa nyumbani kwao, na mgeni akitoka mlangoni huiona nchi yote mbele yake. Msafiri wa Eastlands apange kukaa huko siku mbili angalau, maana siku ya kwanza huishia katika uchovu na joto.

Anayebakiwa na muda wakati wa kurudi anaweza kukunja kona kusini ya Isiolo na kushika njia ya Meru na Maua hadi Mbuga ya Taifa ya Meru. Ndani yake, kando ya mto Ura, kuna kaburi la Elsa. Majivu ya Bi Adamson yaligawanywa, sehemu ikawekwa hapo na sehemu katika kaburi la duma Pippa.